Kibandiko cha Kopo

Kazini napima mawe.
Huja kwenye vifuko vyenye namba, na vumbi la Handali,
la Mpwapwa, la vilima vya Chenene.
Nayasaga, nayachemsha kwa tindikali,
mashine inasema: shaba, kiasi hiki. Zinki. Manganizi.
Sijawahi kuyauliza mawe yanamlisha nani.

Jioni, Nkuhungu, nafungua kopo la mama.
Wameandika ubavuni kwa herufi za sisimizi,
nami herufi za namna hiyo nimezizoea:
shaba, zinki, manganizi,
molibdeni (nawe umefuata nini jikoni kwetu?),
seleniamu, iodini, chuma.
Halafu ukoo wa vitamini:
A, D, E, K, na wale wa B
wanaohesabiwa hadi kumi na mbili,
ingawa katikati kuna namba zilizopotea
na hakuna anayesema zilizikwa wapi.

Vijiko saba vya kipimo. Maji yaliyochemka yakapoa.
Koroga hadi madonge yaishe.
Mama anatazama. Tangu kiharusi cha mwezi wa mavuno
kinywa chake kimelalia upande mmoja,
koo limesahau njia,
na mpira mwembamba umeingia puani
kama mgeni aliyekosea mlango, akapewa kiti.

Mtaalamu wa lishe, Bi. Nyemo Chilongani,
alinichorea hesabu nyuma ya karatasi ya dawa:
kopo moja, siku ngapi; mshahara, makopo mangapi.
Nikamwambia, kwetu kuna uwele, karanga, dagaa wa kusaga.
Hakucheka. Alisema uwele una chuma, ndiyo,
ila kingi kimefungwa na pumba, hakitoki kirahisi;
vitamini C haivumilii chungu;
na uji mzito ukiganda ndani ya mpira
utarudi hapa saa nane usiku, na usafiri huna.
Akanyamaza kidogo, akiitazama ile hesabu.
Akaandika: kopo.

Mama alilima Mvumi miaka arobaini
bila kibandiko.
Ardhi aliijua kwa kuionja. Kweli,
aliweka udongo ulimini, akatema, akasema:
hapa uwele, pale karanga, kule tupaache.
Mashine yangu huchukua siku mbili kufika hapo.
Alinikuza kwa mlenda mkavu
uliotwangwa ukawa vumbi la kijani,
na mwezi wa pili, ghala likitoa mwangwi,
alipima unga kwa kiganja:
kiganja changu, kiganja cha kaka,
yeye alikuwa ameshakula kwa jirani.
Jirani naye alikuwa ameshakula kwetu.

Jana nilipika mlenda, wa kwangu mimi.
Harufu ya magadi ikaingia hadi chumbani.
Akainua mkono ulio mzima, akaonyesha sufuria,
akaonyesha mpira,
akatelezesha kidole hewani, fyuuu,
kutoka puani hadi tumboni.
Nikaelewa: huo usingeganda.
Tukacheka, yeye kwa nusu ya uso,
mimi kwa uso mzima,
halafu na mimi kwa nusu.

Magadi ni sodiamu, najua. Sodiamu imo koponi,
miligramu zake zimeandikwa.
Moshi haukuandikwa.
Wala kujing'ata ulimi kwa pupa,
wala ukoko.

Nainua bomba la sindano juu ya bega lake,
sisukumi, ndivyo nilivyofundishwa;
uzito wenyewe uteremke.
Shaba inashuka. Zinki inashuka.
Mawe yangu yote ya wiki, yamelainika,
yanapita nyuma ya ulimi uliojua udongo
bila kupiga hodi.

Kisha maji, mililita thelathini, ya kuosha njia.
Daftari: saa kumi na mbili na robo. Mililita mia mbili. Hakutapika.
Nasubiri, kalamu mkononi.
Amecheua.
Nimeandika na hilo.